Maziwa ya Kabete Yamekataa Kuganda

Kwa mkono wa Kanisa la Waadventista Wasabato,
Masimba,
S.L.P. Keroka, Kisii,
Kenya.

Jumapili, 18 Agosti 1974.

Mpendwa wifi yangu Kalunde,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyenipa kaka, kaka naye akanipa wewe. Hujambo? Kaka Onsongo hajambo? Kile kifua chake kinamsumbua bado, au joto la Tabora limekitia adabu? Watoto wanakula, wanalala, wanasoma? Na mama yako mzazi, alipata miwani yake, au bado anamwita paka kwa jina la mjukuu? Niandikie kila mmoja alivyo, usiniandikie "wote wazima" kama mara iliyopita. Wote wazima si habari.

Sisi huku tuko kwa neema. Wimbi imevunwa, pareto imechumwa, na mume wangu Zachariah amenenepa kidogo, ingawa hapendi nikilisema.

Usishangae mwandiko wangu kulala ubavu. Kidole gumba cha mkono wa kulia kimefungwa kitambaa, nitakueleza. Na kama utaona karatasi ina vumbi la wimbi, jua nimeanika wimbi uani, kuku wa jirani hawana malezi, na kila baada ya mistari michache inanibidi niinuke.

Kusema kweli siinuki kwa ajili ya kuku tu. Nainuka kutazama barabara. Zachariah na mwanangu Josiah wameondoka alfajiri kwenda Nyamira kwa wakwe, kusema neno ambalo laweza kuvunja arusi. Kwa desturi yetu mama wa bwana arusi haendi kwenye maneno kama hayo. Basi nimekaa hapa na kalamu kama kuku aliyefungwa mguu, na wewe ndiye utakayenisaidia kumaliza siku.

Barua yako niliipata. Umeniomba chupa ya ile dawa ya sindano niliyokusifia mwaka jana, ili umtibu ng'ombe wako mwenye kiwele kigumu. Nitakujibu, lakini jibu lenyewe ni refu, na linapita katikati ya arusi hiyo hiyo. Ngoja nianze na mahali unapopapenda.

Josiah, yule uliyemwacha akiogopa jogoo, yuko mwaka wa mwisho katika chuo cha mifugo huko Kabete. Anavaa koti jeupe. Nimeona picha. Wako vijana wengi katika ile picha, lakini ukitazama vizuri utaona ni yeye tu aliyefunga vifungo vyote. Akija nyumbani likizo, watu wanamletea ng'ombe tangu asubuhi, na mimi hujifanya nimechoshwa na wageni.

Mchumba wake ni Loice, mwalimu wa darasa la pili, binti wa Mzee Manasseh wa upande wa Nyamira. Mrefu, mpole, ila si mpole wa kijinga. Alipokuja hapa mara ya kwanza aliosha vyombo bila kuambiwa, halafu akaniuliza kwa nini vikombe vyangu vyote vimevunjika masikio. Nikampenda hapo hapo.

Sasa nikupeleke zizini. Ulipoondoka huku Kabete alikuwa hajazaliwa. Kabete ni ng'ombe, wifi, usichanganye na chuo. Huyo si ng'ombe wa dume la jirani. Mama yake alipandishwa kwa mbegu iliyotoka Kabete, bwana wa mifugo akaileta kwa pikipiki, na ndama alipotoka nikampa jina la mahali mbegu ilipotoka. Zachariah alicheka, akasema nimempa ng'ombe jina la ofisi. Basi ng'ombe wa ofisi akakua, mwekundu mwenye mabaka meupe, na maziwa yake yakawa yanajaza ndoo mpaka mtu anakimbilia sufuria. Josiah akiwa mdogo alikuwa akisema atasoma pale jina la Kabete lilipotoka. Na amesoma.

Mzee Manasseh alipokuja kuona ng'ombe wa mahari, aliwapita wale wengine kama mtu apitaye miti. Akasimama mbele ya Kabete, akanyosha kidole.

"Huyu," akasema.

Zachariah akakohoa. "Wako wengine wazuri, mkwe."

"Nimewaona hao wengine."

Unajua desturi ilivyo huku. Mkwe akishanyosha kidole, ng'ombe huyo ni wake hata kama bado anakula majani yako. Kumbadilisha ni kumwambia mtu usoni kwamba hafai kupewa kizuri. Mimi niliumia, maana Kabete ni kama mwanangu, lakini pia nilivimba kichwa. Kwa muda mrefu nilitembea Masimba yote nikieleza jinsi Manasseh alivyonyosha kidole.

Na jambo lingine. Ng'ombe wa mahari hakai. Loice ana kaka anayeitwa Machogu, na Machogu naye ana mchumba tayari. Ng'ombe watakaotoka kwetu ndio watakaomwolea Machogu, na huko waendako yuko kaka wa huyo mchumba wa Machogu, naye anangoja. Kumbuka hilo, maana ndilo lililomkosesha Josiah usingizi.

Nimeinuka tena. Barabara tupu, isipokuwa punda wa muuza chumvi.

Kabete alikuwa mzima siku ile Manasseh alipokuja. Niandike hivyo wazi, mtu asije kusema tulimficha mgonjwa. Kabla ya hapo chuchu yake moja ya nyuma ilikuwa imewahi kukaza, tukamchoma ile dawa, penisilini, ikalainika. Baada ya Manasseh kurudi kwao, chuchu ile ikakaza tena kama jiwe la kusagia, maziwa yakatoka na mabonge na maji ya manjano. Tukachoma. Ikalainika kidogo, ikarudi. Tukachoma tena. Safari hii haikulainika kabisa, na chuchu ya pili ikaifuata.

Hapa lazima nikueleze dawa yenyewe tulivyokuwa tukiitumia. Sisi wanawake wa kijiji tuna risaga, ule ushirika wa kulimiana mashamba kwa zamu, leo kwangu kesho kwako. Tulipozoea kugawana jasho tukaona tunaweza pia kugawana dawa. Chupa moja inanunuliwa kwa Makori, muuza dawa wa soko la Nyamache. Ng'ombe wa huyu anachomwa, kiwele kikilainika tu, chupa inahamia kwa mwenzake, na kutoka kwake inaenda kwa mwingine, mpaka inaisha. Kuendelea kumchoma ng'ombe aliyekwisha kulainika, na wa jirani analia, huo ulikuwa uchoyo wa kusemwa kanisani. Nilijivunia sana mpango huo. Ndio niliokusifia, na ndio unaotaka kuufanya huko pamoja na wanawake wa mtaa wako.

Penisilini iliposhindwa, sote tulisema jambo moja, kwamba Makori anachanganya dawa na maji. Mimi ndiye niliyelisema kwa sauti kuliko wote, siku ya soko, mbele ya meza yake.

"Mwizi wewe, unatuuzia maji ya mto," nikamwambia.

"Mama Josiah, kama ningekuwa nauza maji ya mto ningekuwa tajiri kama wewe mwenye ng'ombe wa ofisi," akajibu, na watu wakacheka.

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na aliyenituliza ni kibuyu. Wajua maziwa tunayoyapenda sisi, yale ya kuganda, ninyi huita mtindi. Josiah alikuwa ameandika tusinywe maziwa ya ng'ombe aliyechomwa, lakini zile chuchu nyingine za Kabete zilitoa maziwa meupe mazuri, na mkono wangu haujui kumwaga kitu cheupe. Nikayatia kwenye kibuyu kimoja. Maziwa ya ng'ombe mwingine nikayatia kwenye kibuyu cha pili. Vyote nilivisafisha na kuvifukiza moshi kwa namna moja, vyote nikavitia mabaki ya maziwa makongwe ya kuanzishia.

Kibuyu cha pili kiliganda kama kawaida. Cha Kabete kikakataa. Nilikitikisa, nikanusa, nikangoja, nikakisogeza karibu na moto, maziwa yakabaki matamu na maji maji kama yametoka kukamuliwa sasa hivi.

Nikakaa chini, wifi. Kile kinachogandisha maziwa nacho ni kijidudu, Josiah alinifundisha zamani, ila ni kijidudu chema. Kama kile chema kimekufa ndani ya kibuyu, basi dawa imo ndani ya maziwa. Na kama imo ndani ya maziwa, Makori hakutuuzia maji. Dawa ilikuwa dawa. Imefika mpaka kwenye kiwele, imepita katikati ya vijidudu vibaya, na vyenyewe havikujali. Mwili ulinisisimka. Makori bado sijamwomba radhi, kwa maana bei yake bado ni ya wizi.

Josiah alipofika likizo nilimwonyesha kibuyu kabla hajala. Alikikodolea macho, akacheka peke yake, akasema angependa mwalimu wake akione. Nimewaambia watu wengi neno hilo. Kisha akachemsha chupa, akakamulia maziwa ya ile chuchu mbovu, akaipeleka chuoni Kabete ameipakata kwenye basi kama mtoto mchanga.

Huko, kwa maelezo yake, walipanda vijidudu kwenye kisahani chenye chakula chao, kama sisi tunavyopanda wimbi, halafu juu yake wakaweka vikaratasi vilivyolowekwa dawa mbalimbali. Palipo na dawa inayoweza, vijidudu hurudi nyuma, panabaki duara safi kama uwanja uliofagiliwa. Penye kikaratasi cha penisilini vilisogea mpaka ukingoni. Hakukuwa na duara lolote. Dawa nyingine moja ilivifukuza, lakini aliporudi nyumbani akamchoma Kabete, dawa hiyo haikusaidia, maana kiwele kimeshajaa makovu ndani na dawa haipenyi. Ameacha kumchoma tangu Alhamisi.

Nilimuuliza vilizoea vipi. Alikuwa amechuchumaa jikoni akichoma mahindi.

"Mama, ukipalilia shamba ukang'oa majani laini, ukaiacha sangari yenye mizizi mirefu kwa sababu mgongo umechoka, msimu ujao shamba litajaa nini?"

"Sangari."

"Na watoto wa sangari ni nini?"

"Ni sangari. Usiniulize kama mtoto wa shule."

"Basi hilo shamba ndilo kiwele cha Kabete. Kila mlipochoma kidogo mkaacha, mliua vile dhaifu. Vilivyobaki ndivyo vilivyozaa."

Halafu akaniambia kitu kingine ambacho mpaka leo sikipendi. Vijidudu hivyo, vingine, vinaweza kugawiana ule ujanja wa kuishinda dawa. Kimoja kinampa mwenzake, hata kama si ndugu yake. Nilifikiria ile chupa yetu ikipita kutoka boma hadi boma, na vyenyewe huko ndani vina risaga yao.

Kuhusu kidole. Lilianza jipu dogo karibu na ukucha. Zahanati walinichoma penisilini, jipu likazidi kuvimba, mkono ukapanda joto mpaka kwapani. Zachariah alinipeleka hospitali kubwa Kisii, wakalipasua, wakanipa vidonge vya rangi mbili. Sasa kinapona. Josiah aliniuliza jambo moja tu: "Ulikuwa unamkamua Kabete kwa mkono gani?" Nikamjibu, huu huu ninaolia ugali. Haapi kwamba vijidudu vilitoka kwenye kiwele, mwanangu si mtu wa kuapa ovyo, lakini tangu siku ile ananisimamia nikinawa kama mimi nilivyomsimamia yeye alipokuwa na miaka mitatu.

Nimekatizwa. Nyamoita, jirani yangu na mwenzangu wa risaga, mwenye hao kuku, amekuja. Aliona kidole changu kimenywea.

"Umepona, Mama Josiah. Hivyo vidonge vilivyobaki nigawie viwili tu, mtoto anakohoa."

Nikamwambia nimeagizwa nimalize vyote, hata kama kidole kimepona, na kwamba kikohozi cha mtoto ni cha kupelekwa zahanati. Akanitazama kama nimemfukuza.

"Viwili tu, wala siyo shamba. Au siku hizi mmekuwa wa kufungia vitu kabatini, kwa sababu mtoto amevaa koti jeupe?"

"Nyamoita, nimekunyima nini tangu tuolewe hapa?"

"Leo," akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza."

Ilikuwa kweli. Nimempa wimbi, nimempa moto, nimempa chumvi, nimemnyonyeshea mtoto alipougua. Nilimwambia kesho nitakwenda naye zahanati mimi mwenyewe, nitambebea mtoto. Ameondoka bila kuitikia, ila kuku wake amewachukua. Sijui kama hiyo ni hasira au ni upatanisho. Barabarani bado hakuna mtu.

Jana, Sabato ilipokwisha, ndipo tulipokaa watatu kuamua. Zachariah alisema tunyamaze. Manasseh alichagua mwenyewe, kwa macho yake, na ng'ombe akishavuka kwenda kwao ni wao. Mimi sikutaka kunyamaza, nilitaka tuseme ameumia mguu, tumpe mwingine, na heshima ya kila mtu ibaki mahali pake. Nilidhani nimepata njia nzuri sana.

Josiah alisikiliza yote. Mtoto huyu hajawahi kunipandishia sauti, na jana hakupandisha.

"Baba, Manasseh ana ng'ombe saba wa maziwa. Atakayemkamua Kabete atawakamua na wale kwa mikono ile ile. Msimu ujao Machogu ataoa, Kabete atakwenda kwa wakwe zake, na huko atakwenda kwingine. Huyu ng'ombe atatembea kuliko mimi. Na kila atakapofika, watu watanunua penisilini na haitafanya kazi, watamwita muuza dawa mwizi."

Kisha akanigeukia. "Na wewe mama, tukisema ni mguu, Manasseh ataendelea kugawana chupa na majirani zake, kwa sababu hakuna aliyemwambia."

"Na akisema hakupi binti yake?" nikauliza.

Akasema, "Nitaumia, mama. Lakini siwezi kujitambulisha kwake kama mtu wa mifugo halafu nimpelekee ugonjwa."

Nimemsomesha kwa pareto na kwa maziwa ya Kabete huyo huyo, na shukrani yangu ndiyo hiyo, kwamba amesoma kweli. Asubuhi nilimpigia pasi shati, nikalichoma kola kidogo kwa sababu ya mkono huu mmoja, naye akalivaa hivyo hivyo.

Jua limeanza kugeukia upande wa magharibi. Kama mambo yangekuwa mazuri wangekuwa wamekwisha kurudi. Au kama yangekuwa mabaya ndio wangewahi, maana nani anakaa kula mahali alipofukuzwa. Nimepika ugali wa watu wengi bila kujua ni wa nani. Loice ni mtoto ambaye nimeshamzoea, wifi, nimeshamtengea vikombe vyenye masikio, na sijui hata

Wamerudi. Nimeuacha mstari ule juu ukining'inia kwa sababu niliona kofia ya Zachariah kwenye kona, na nyuma yake Josiah amebeba koti begani. Nilijaribu kusoma mwendo wao nikashindwa. Zachariah ana mwendo mmoja tu, wa msibani na wa arusini.

"Leta maji kwanza," akasema.

"Maji yapo. Leta maneno."

"Mwanamke, nimetoka Nyamira."

Akanywa kikombe kizima huku akinitazama kwa juu ya ukingo. Miaka yote hii bado ananifanyia hivyo.

Anasema Manasseh aliposikia ng'ombe hatakuja aliuliza kama tumepata bibi arusi mwingine wa bei nafuu. Zachariah akaanza kueleza, maneno yakamchanganyika. Hapo Josiah akafungua mdomo. Kijana anayeoa hasemi mbele ya baba mkwe kwenye mambo ya ng'ombe, wifi, hata wale wazee waliokuwepo walishtuka. Akamweleza yote, chupa, sangari, kisahani, hata kidole cha mama yake na kibuyu cha mama yake.

"Kwa hiyo ng'ombe wangu ni mgonjwa," Manasseh akasema, "na wewe ndiye daktari."

"Bado nasoma, baba. Lakini ndiyo, ni mgonjwa."

"Na huwezi kumponya."

"Siwezi."

Manasseh akaanza kucheka polepole, mpaka akashika mbavu. Akasema, "Wewe ndiye wa kwanza kuniambia hivyo. Muuza dawa wangu anawaponya wote, kila mwezi, wale wale." Kumbe na huko chupa inazunguka. Akamtoa Josiah nje akamwonyesha ng'ombe wake, wawili wana viwele kama cha Kabete, na mmoja alikuwa ndiye wa kutangulizwa kwa mchumba wa Machogu mwezi ujao, kabla ya hawa wa kwetu. Ndiyo maana walichelewa. Josiah alikuwa zizini amekunja mikono ya lile shati nililolipiga pasi, akiwapima mmoja mmoja, na Loice amemshikia beseni la maji na sabuni. Machogu ndiye aliyenuna, maana yeye sasa lazima angoje. Sijui kama atamsamehe Josiah upesi.

Nikauliza, na ng'ombe wa badala tupeleke yupi.

Zachariah akamwigiza Manasseh, kidole na kila kitu. "Hapana. Nilishamnyoshea kidole, ni wangu, sihesabu upya. Kama hawezi kuja kwangu kwa miguu, atakuja kwa sahani. Siku ya arusi watu wangu watamla huko huko Masimba, nami nitahesabu amefika."

Nilicheka, wifi. Nilicheka na machozi juu, arusi ipo, heshima ipo, mkwe nimempata wa kweli. Halafu nikatoka nje nikaenda zizini. Alikuwa anacheua. Nilimkuna kati ya pembe kwa mkono wa kushoto, yeye akanisukuma kwa paji la uso kama afanyavyo akitaka chumvi.

Sasa jibu lako. Chupa sikutumii, na ninakuomba usiitafute kwa mwingine. Mwite bwana wa mifugo wa huko Tabora amtazame ng'ombe wako. Akisema achomwe, achomwe dawa yake yeye peke yake mpaka mwisho wa siku alizoagizwa, hata kiwele kikilainika siku ya kwanza, hata jirani akilia mlangoni. Mgonjwa mkamue wa mwisho, unawe kwa sabuni, na maziwa yake usimpe mtoto wala ndama. Najua wanawake wenzako watasema umekuwa mchoyo. Mimi nimeanza leo kuitwa hivyo, njoo tuwe wawili.

Msalimie kaka yangu Onsongo, mwambie ajipange kuja arusini kama mjomba na siyo kama mgeni. Wasalimie watoto, Nyanchera na yule mdogo aliyepewa jina langu, mwambie jina hilo halibebwi na mtoto asiyekula. Msalimie mama yako. Zachariah anakusalimu, Josiah anakusalimu, Loice anakusalimu ingawa hajui bado kwamba anakusalimu. Mungu awafunike kwa mkono wake, awape mvua kwa wakati, na zizi lenu alilinde.

Tarehe ya arusi sijui, na hii ndiyo sababu. Kabete hawezi kuchinjwa dawa ikiwa bado mwilini. Josiah amesema nitie maziwa yake kwenye kibuyu kila siku, na siku yatakapokubali kuganda ndipo aanze kuhesabu majuma ya kungojea nyama isafike. Kiwele chenyewe kitafukiwa shimoni, mbwa wasikiguse. Basi kazi ya kupanga arusi ya mwanangu wamenipa mimi na kibuyu. Jioni hii nimekifungua nikanusa. Bado ni matamu, hayajaganda hata kidogo. Nikakifunga tena taratibu, wifi, nikafurahi kama mwizi.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye kwa mkono wa kushoto na wa kulia,

Eucabeth, Mama Josiah.